Kiporo

Hodi, nasema.
Karibu, najijibu.
Tangu magharibi nimo hivi, chumbani Wete,
mgeni mimi, mwenyeji mimi,
na mlango nambari elfu nane na themanini
haujapata kubishwa na mkono mwingine.

Ndani ya programu nimetia seva ndogo.
Haina nyumba yake, haina hata kibao cha jina;
imo tumboni tu, kama mpishi wa uani.
Ikiombwa picha, hupakua picha.
Ikiombwa rangi, hupakua rangi.
Haionji, haiongezi chumvi:
kilivyowekwa ndivyo kinavyotoka.

Kazi yenyewe ni ya zahanati, Machomane.
Skrini ukutani, nambari ya mgonjwa, basi.
Jana Sista Mwanashaame kaniita pembeni:
“Hii nyekundu yako, mwanangu,
kina mama wakiitazama presha zinapanda.
Tutilie kijani.”

Tutilie kijani. Jambo la mstari mmoja.
Nimetia. Nimehifadhi. Nimepiga hodi.
Nyekundu.
Nimefuta, nimeandika upya, polepole, herufi kwa herufi.
Nyekundu.
Nikatia zambarau, nikatia samawati,
nikatia rangi isiyovaliwa hata harusini,
na nyekundu ileile inanikodolea
kama mtoto aliyekatazwa, hasikii.

Nikakilaumu kivinjari: wewe una kinyongo,
ulichokiona jana hukisahau.
Nikakisafisha kumbukumbu. Wapi!
Umeme ukakatika nusu saa, ukarudi,
nikasema labda giza limeifua.
Nyekundu.

Saa sita usiku Zuwena, dada yangu, kaingia na sahani.
“Ule. Leo sikupika, hicho kiporo cha jana.”
Nikashika kijiko, kikabaki hewani.

Kiporo!
Mie nakoroga chungu kipya hapa mezani,
naonja, naongeza tui, nageuza,
kumbe mpishi wangu chungu hiki hakijui.
Jumatatu, nilipoifunga programu,
alijichotea fungu lake, akalitia mkobani,
akakaa nalo.
Kila nikibisha anafungua mkoba,
ananipakulia Jumatatu.
Wala hakunidanganya.
Mie ndiye sikumwambia jiko liko wapi.

Nikamwonesha njia, mstari mmoja tu:
ukiwa kwangu, na mimi bado napika,
achana na mkoba, chota hapa, folda hii,
kila uitwapo, upya, na akiba usiweke.
Mla ni mla leo.
Hodi.
Kijani.
Kijani cha kisamvu kabla hakijaona kinu.
Nikala kile kiporo chote, na ukoko.

Asubuhi pikipiki mpaka Chake, kifua mbele.
Nikaiwasha machoni pa watu.
Skrini nyeupe, na kijimaandishi juu pembeni:
mia nne na nne, hakipo.
Kwani nani alikibeba chungu cha Wete
akaja nacho Machomane?
Mpishi kaifuata njia niliyomwonesha
akakuta ukuta.

Sista Mwanashaame hakunisema.
Alisimama mlangoni, mkono kiunoni,
“Thelathini na moja!” kwa mdomo wake,
na mama mmoja akainuka, mtoto begani.

Nami nimekaa benchi la wagonjwa, kompyuta mapajani,
namfungashia mpishi mkoba wake upya,
kijani ndani, nimehakikisha, nimehakikisha tena.
Msafiri hapewi chungu, hufungiwa.
Upau wa kazi unatambaa, asilimia arubaini,
bibi aliye kando yangu anauchungulia,
ananiuliza kama mie ni nambari ngapi.

Thelathini na mbili.
Thelathini na tatu.